Jina la Mume Wangu Lisichongwe

Walimwita Fundi Koki tangu ujana, maana hapakuwa na koki iliyowahi kumshinda. Mikono yake ilibana kama koleo, na ulimi vilevile. Soko lilipoungua, mumewe, mshona viatu, alikuwa miongoni mwa watu kumi na tisa walioteketea. Gari la zimamoto liliwahi kufika. Mpira ukaunganishwa kwenye bomba la mji, ukakohoa matone mawili, basi. Hilo mama yule hakulisahau, wala hakumsamehe mtu.

Baadaye uwanja wa soko ukafanywa bustani, na kamati ya wafiwa ikataka kujenga kumbukumbu humo: ukuta wa majina na maji ya kuruka, yakitoka kwenye tangi kubwa chini ya ardhi. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hawakuwa wamesalimiana tangu mazishi, ila fundi bomba wa kuaminika mjini alikuwa Fundi Koki tu. Akaitwa.

Kwenye mkutano wa kamati, mchoraji wa kumbukumbu hiyo alitandaza ramani mezani, akazikandamiza pembe zake kwa vikombe. Fundi akayafuata mabomba kwa kidole, moja moja.

"Lita elfu arobaini. Koki ya zimamoto ya kuunga mpira iko wapi?"

"Mama, hii ni kumbukumbu," mchoraji akacheka. "Lile dude la chuma litaharibu sura."

"Sura! Watu wamekufa kwa kukosa maji, wewe unawarushia maji usoni na kuyafungia chini. Huko ni kuwakumbuka au kuwacheka?"

Mwenyekiti akapiga meza. "Shemeji, umeitwa kuunga mabomba, hukuitwa kuhubiri."

"Na wewe umeitwa mwenyekiti, si bwana harusi. Acha kujipamba kwa msiba wa kaka yako."

"Mafundi wamejaa mjini!"

"Watafute. Ila jina la mume wangu lisichongwe."

"Ni kaka yangu yule!"

"Na mjane ni mimi. Kanuni mliandika wenyewe: bila sahihi ya mjane au mzazi, jina halichongwi. Fomu yangu hii hapa, nyeupe kama ulivyonipa."

Bibi mmoja aliyefiwa na binti, ambaye mikutano yote hakuwahi kufungua kinywa, akanyoosha mkono. "Na ya mwanangu nirudishieni."

Mwenyekiti akatazama huku na huku, asione wa kumtetea. "Mchoree hilo likoki lake," akasema kwa kisirani. "Nyuma ya ukuta."

"Mbele, kando ya barabara. Mpira wa zimamoto hauzunguki ukuta."

Mchoraji akashika penseli.

"Penseli hufutika, baba. Tia wino."

Akatia wino. Fundi akachukua rula, akapima kwenye ramani kutoka barabarani, akamwamuru aikate na kuichora tena mita mbili kando, naye akaichora, akinung'unika. Mwenyekiti alikwisha toka, mlango ukibamizwa nyuma yake. Fundi hakugeuka. Alisubiri wino ukauke, akaugusa kwa kidole kuhakikisha, ndipo akaivuta fomu na kutia sahihi, akikandamiza kalamu hata karatasi ikatoboka.