Nililipa Deni, Wakasema Ninahama

Siku ile dukani tulikuwa wanne. Mimi mwenyewe. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyenisindikiza kutoka Sapiwi. Mwenye duka la dawa za pamba pale Bariadi, mtu wa Maswa, kwao Binza. Mama yake na mama yangu walizaliwa kijiji kimoja, kwa hiyo yeye aliniita mayu, yaani mama, na mimi nikamwita mwanangu ingawa alikuwa na mvi tayari. Wa nne ni mzee jirani yetu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje. Huyo zamani alikuwa anapima pamba kwenye chama cha msingi, kabla chama hakijayumba. Majina yao yote ninayo, hata jina la mbwa wa yule mzee ninalo, ila siyaandiki. Wajukuu wao tunaishi nao na tunazikana nao.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi alikuja analalamika, eti amemaliza kulipa mkopo wake wote wa kwenye simu, na alipotaka kukopa tena simu ikampunguzia kiwango. "Bibi, nimelipa vizuri, mbona wananishusha?" Nikamwambia akae, nimsimulie mwaka niliolipa deni la babu yake.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani chama kilitupa dawa ya kupulizia, tukivuna kinakata chake kwenye pamba yetu, basi. Walipoingia wanunuzi wenye magari, leo huyu kesho yule, chama kikaishiwa. Dawa ukaitafute mwenyewe. Mume wangu akakopa kwa huyu mtu wa Binza, akapulizia, na pamba ilipoanza kupasuka yeye akafariki.

Deni likabaki kwangu. Hakuna aliyenidai kwa ukali, lakini kila pikipiki iliyokata kona kuja kwetu ilinifanya nisimame na kushika kanga yangu. Ndugu wa mume walisema deni la marehemu halikai mbali, linalala mlangoni pa zizi, ng'ombe wanaliruka kila asubuhi. Nikavuna. Bei ikawa mbaya, fedha haikufika. Nikamtoa maksai mmoja kati ya wawili waliokuwa wanavuta plau, nikampeleka mnadani. Alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji.

Basi tukaenda kulipa. Nikamwekea mwenye duka fedha yote mezani.

"Mayu, yote?" akauliza. "Si ungelipa nusu, nusu mwakani, kama wenzako?"

"Yote, mwanangu. Nataka nilale."

Yule mzee wa benchini akachungulia ndani. "Mtu anayelipa namna hiyo anafunga mizigo huyo. Maksai kauza, deni kalipa. Bado kung'oa nguzo za zizi tu."

Wifi yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akadakia: "Anamfuata mwanawe Rukwa! Kule ardhi ina mafuta, hii yetu anatuachia sisi wajinga."

Tukacheka wote. Mwenye duka naye alicheka, ila alicheka kidogo. Mimi nilikuwa mwepesi kama niliyetuliwa kuni kichwani, sikumtazama vizuri usoni.

Lazima mjue jambo moja la kwetu. Miaka ile watu walikuwa wanahama sana na mifugo, kwenda Rukwa na kwingine kusini. Na Msukuma hahami na deni, anaogopa litamfuata njiani liue ndama. Kwa hiyo ukimwona mtu anauza anauza, halafu anazunguka kulipa kila mahali, hata deni la chumvi, ujue wiki zijazo utakuta kwake majivu tu. Mwanangu wa kwanza alishahama kweli, na kabla ya kuondoka alilipa hivyo hivyo. Watu walimwona.

Masika ya mwaka uliofuata pamba yangu ilikuwa nzuri. Wifi aliniazima ng'ombe wa kulimia. Vitumba vilipoanza kutoka, nikaona matundu, na ndani funza. Nikatembea mpaka Bariadi mapema, sina wasiwasi wowote, maana mimi nilikuwa mtu asiyedaiwa.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, mayu." Hakuniletea kigoda.

Nikamwambia ninataka dawa, nitalipa nikivuna kama kawaida. Akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

"Mwaka huu natoa kwa fedha taslimu, mayu."

Akaingia mama mmoja tunayemfahamu wote, ambaye bado alikuwa anadaiwa ya mwaka jana. Akapewa dawa yake, akaambiwa ataongeza juu ya ile. Mimi nimesimama pale pale.

"Huyu mbona umempa?"

"Huyu ninamdai," akasema. "Ninajua nitampata wapi. Wewe sikudai kitu, mayu. Ukiondoka, nitakushika kwa lipi?"

"Niondoke niende wapi?"

Akainama. "Nilipita kwako na pikipiki mwezi uliopita. Zizi liko kimya. Watu nao wanasema."

Niliporudi nyumbani sikuona njia. Niliingia shambani nikaokota vitumba vilivyodondoka, nikavipasua kimoja kimoja kwa kucha kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Fedha taslimu sikuwa nayo. Maksai aliyebaki nikimuuza, nitakuwa nimehama kweli machoni pao, na mwakani sitalima. Nisipouza, funza wanamaliza. Nikijitetea kwa watu kwamba sihami, watasema mbona anakana sana. Kila nilipowaza nilirudi pale pale.

Wifi akanikuta nimekaa kwenye tuta.

"Unalia nini, mke wetu? Funza hawana masikio."

"Ni mdomo wako umenila, siyo funza," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenipeleka Rukwa."

"Mimi? Si nilikuwa nakutania!"

"Ulinitania mbele ya mtu anayekopesha."

Tuligombana kwa sauti mpaka majirani wakasimama. Akaondoka amekasirika, hata maji hakunywa. Nikajua sasa nimepoteza na ng'ombe wa kulimia pia.

Siku mbili tatu hakuonekana. Halafu jioni moja nikasikia kengele. Ni wifi, anaswaga ng'ombe jike mweusi na ndama wake.

"Nimekuletea unifugie," akasema bila salamu. "Maziwa yako, ndama wa mbele tutaongea. Na mchana huu nimepita dukani kwa yule mtu wa Binza, nimemweleza mbele ya watu kwamba ng'ombe wangu analala kwako. Nikamuuliza, mimi nina wazimu niweke ng'ombe kwa mtu anayehama?"

Kwetu kumwachia mtu ng'ombe amfugie ni jambo zito. Unaweza kumkopesha mtu fedha hujampenda, lakini ng'ombe humpi usiyemwamini. Hata hivyo sikutulia. Nilimfunga yule ng'ombe upande wa barabarani, nikawa natazama kila pikipiki, nikitamani isimame na nikiogopa isimame.

Siku ya soko mwenye duka akaja. Hakushuka. Alitazama zizi, akatazama samadi mbichi, akatazama shamba.

"Mayu, umechelewa," akasema, kama vile mimi ndiye niliyejichelewesha. Akatoa chupa za dawa kwenye mfuko wa pikipiki. "Chukua hizi. Ni nusu. Nikiona mambo yako sawa, utakuja kuchukua nyingine."

Nikapulizia kwa bomba la kuazima, linavuja hata dawa ikanimwagikia miguuni. Vitumba vya chini vilikuwa vimekwisha. Vya juu vikapona. Nusu ya pili alinipa pia. Nilipovuna ilitosha deni lake na chakula, na sabuni, si zaidi.

Nikarudi dukani kulipa. Yule mzee alikuwa kwenye benchi lake.

"Mayu, bakiza kidogo," mwenye duka akaniambia polepole. "Nikidai kidogo, mwakani unaanzia hapo. Usinifungie mlango."

Nilizishika zile fedha muda mrefu. Nilimkumbuka mume wangu, na lile deni mlangoni pa zizi. Nikabakiza bei ya chupa moja. Njiani nilisikia ule uzito wa mwaka jana umerudi kukaa shingoni, na nikaufurahia, Mungu anisamehe, maana nilijua dawa nitapata.

Hayo ndiyo niliyomwambia mjukuu wangu, akasema simu haina macho ya kuona zizi. Labda.

Wifi yangu bado yu hai, na anabisha kwamba ng'ombe hakuwa mweusi, alikuwa na madoa. Tena anasema aliyetaja Rukwa ni mzee, siyo yeye. Mimi namwona mweusi mpaka leo. Aliyekuwepo siku zile Bariadi au Sapiwi, kama nimekosea rangi ya ng'ombe au maneno ya mtu, aje anirekebishe ningali nasikia.