Mtu wa Foni wa Kibua

Zamani, na sisemi zamani za mababu, nasema miaka michache tu iliyopita, mtu wa Kibua aliyetaka kujua kama mafuta yake ya mawese yana soko huko Mweso alikwenda kuketi kwenye benchi ya Akilimali. Benchi yenyewe ilikuwa ubao juu ya mawe. Ndani ya nyumba yake, mezani, ilikaa foni: redio kubwa nyeusi ya kupokea na kutuma sauti, batri ya gari chini yake, na waya uliopanda hadi juu ya mparachichi. Akilimali alibonyeza, akaita, "Mweso, Mweso, Kibua anaita," na baada ya mikwaruzo mingi Mweso iliitika.

Wote walisikia. Hapo ndipo ulipokuwa utamu wa foni, na watoto wa leo hawauelewi hata ukiwaeleza. Siri haikuwapo. Ukiuza, benchi nzima inasikia bei; ukifiwa, jirani anaanza kulia kabla wewe hujaelewa ni nani amekufa. Aliyetaka kumdanganya mtu kwenye foni ya Akilimali ilimbidi aidanganye Kibua nzima kwa mpigo mmoja, na hiyo ni kazi ya kutoa jasho. Tena foni ilikuwa na adabu yake. Kila msemaji alianza kwa jina la anayemwita, kisha jina lake mwenyewe, kwa sababu masikio yalikuwa mengi na neno lazima lijulikane ni la nani.

Katika sauti zote za Mweso, Akilimali aliyoijua zaidi ilikuwa ya Mama Uwamwezi, mnunuzi wa mawese. Hakuwahi kuuona uso wake. Lakini alijua anavyovuta pumzi kabla ya kutaja bei, kikohozi chake kikavu, na kicheko cha puani alichokitoa akitaka kupunguziwa. Bibiche, mke wa Akilimali, alizoea kumtania mumewe: "Na ule bibi yako wa mu foni, leo amesema nini?" Akilimali alicheka tu na kuomba chakula.

Kisha Fiston, kijana wa pale pale, akarudi kutoka Goma na sahani nyeupe ya intaneti, akaifunga juu ya paa la duka lake. Nimejaribu kumchukia Fiston, nimeshindwa. Alileta mambo ya kweli. Mwenye gunia la mpunga alipiga picha, akaituma, na mnunuzi alijitokeza kabla ugali haujaiva. Pikipiki zilikuja kuchukua mzigo mlangoni kwa mtu. Wanawake waliokuwa wakitembea hadi soko la Kashebere na mafuta mgongoni kuuliza tu bei, sasa waliiuliza wakiwa wanamenya mihogo. Nani angewaambia warudi kwenye benchi? Ukweli usemwe, hata Bibiche alinunua simu.

Vita vilipopita Mweso, watu wakakimbia, na foni ya huko ikanyamaza moja kwa moja. Akilimali aliendelea kuipangusa yake vumbi. Kuku walipanda benchi bila kufukuzwa.

Kitu kimoja tu kilimbakia: masikio. Watu walipokea sauti kwenye simu kutoka kwa ndugu na wateja waliotawanyika, nao hawakuwa na hakika ni nani anayesema. Walimletea Akilimali. Alifumba macho, akasikiliza, akasema ni fulani, au si fulani, na hakukosea. Walimpa mkungu wa ndizi, au hawakumpa kitu, kwake yalikuwa mamoja. Alichofurahia ni kuona mlango wake unagongwa.

Ndivyo alivyokuja Pétronille. Huyu alikuwa mjane, na ndiye aliyewaongoza wanawake waliokamua mawese kwa zamu, leo chikichi za huyu, kesho za yule, wote pamoja. Mafuta yaliwekwa nyumbani kwake hadi yauzwe kwa mara moja, kwa sababu mnunuzi mkubwa hasumbukii kidumu kimoja. Msimu ule chumba chake kilijaa hata akalala jikoni. Humo mlikuwamo mafuta ya Bibiche, na humo ndimo ilimokuwa karo ya shule ya watoto wao wote.

"Papa Akilimali," alisema, akimpa simu kwa mikono miwili, "nakuletea mutu. Sikia kama iko yeye."

Akabonyeza, na chumbani mkaingia mtu ambaye Akilimali hakuwa amemsikia tangu vita.

"Mama yangu, habari ya siku mingi. Unitumie ile mafuta yote yenye uko nayo. Nitatuma motari, umupatie. Franga utaipata kisha mafuta kufika. Usiogope, tunajuana."

Pumzi ilikuwapo. Kikohozi kilikuwapo. Akilimali alifurahi, maana alikwisha kudhani mama huyu amekufa. Akasikiliza tena.

Jambo moja lilimkera kama mwiba mdogo. Mama Uwamwezi hakutaja jina. Kwenye foni asingesema hata neno moja bila kwanza kutaja jina la anayemwita. Lakini Akilimali alikwisha kuchekwa vya kutosha. Yeye mwenyewe alipojifunza kutuma sauti alikuwa akianza, "Fiston, Fiston, Akilimali anaita," na duka zima lilivunjika mbavu. Siku hizi watu hawaitani majina, alijiambia, namba inawaita. Akaumeza ule mwiba.

"Umejaribu kumuita?"

"Nimemuita, hakamate telefone. Ameandika asema rezo ya simu iko mubaya, nitume tu mafuta."

"Basi njo yeye mwenyewe."

"Kweli?"

"Mama Pétronille, hii sauti nimeisikia wakati Fiston alikuwa angali anatambaa. Njo yeye."

Hawakuuliza tena. Motari, wale waendesha pikipiki, walikuja wakiwa na adabu zao, wakafunga vidumu kwa mipira ya baiskeli, mpaka pikipiki zikaonekana kama ng'ombe wenye mimba. Wanawake walisaidia kusukuma pale penye tope. Kisha mafuta ya msimu mzima yakashika barabara ya Kashebere.

Mnajua yaliyofuata, maana shida haina haja ya kupigiwa mbiu. Franga za mafuta hazikuja. Namba ikaacha kuitika. Fiston akauliza kwa marafiki zake wa Kashebere, wakamjibu kwamba mafuta yalishushwa kando ya barabara na kupakiwa kwenye lori lililokuwa likipita, na motari walikuwa wamekodiwa tu, hawamjui aliyewatuma. Kulikuwa na wa kushitakiwa? Hakukuwa na hata jina.

Fiston alikuja na ile simu kwa Akilimali. Alikuja kwa upole, hilo nampa. Akamwonyesha neno dogo la Kifaransa lililokaa juu ya ile sauti: *Transféré*, yaani imepitishwa kutoka kwa mwingine.

"Papa, sauti iko yake kweli. Haukukosea. Lakini hakuisema kwa Mama Pétronille. Aliisema zamani, kwa mutu mwingine mwenye alikuwa anamuuzishia mafuta. Mwenye amekamata telefone yake ameitosha mule ndani, ameituma huku."

Akilimali alilitazama lile neno. Kulisoma alikwisha kulisoma tangu siku ile ya kwanza, akadhani ni maandishi ya simu tu, kama simu zinavyojaza maandishi kila mahali.

"Sasa yeye alikuwa wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama Uwamwezi. Pale alikuwa anasema."

Nawe usimcheke Akilimali. Maisha yake yote, sauti ilipotoka kwenye foni, mwenyewe alikuwa upande wa pili saa hiyo hiyo, kidole kwenye kitufe, akipumua. Hakuna siku sauti ilikuja na mwenyewe akawa hayupo. Angejifunzia wapi kwamba siku hizi sauti inaweza kusafiri peke yake, ikaibwa na kupakiwa kama kidumu?

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Pétronille alisema maji yakimwagika hayazoleki, akarudi kulala chumbani mwake, sasa kulikuwa na nafasi. Bibiche alipika sombe ya majani ya muhogo bila mawese, akaiweka mezani, akakaa kula pamoja naye. Asubuhi watoto walipita mbele ya nyumba wakiwa na majembe, saa ambazo wangekuwa darasani, wakamsalimu kwa heshima kama walivyofundishwa. Akilimali aliitikia kila mmoja. Alitamani ardhi impasukie.

Mvua zilipokaribia kwisha, Pétronille alikuja tena. Safari hii alifuatana na wanawake wote, na Fiston nyuma yao. Sauti nyingine ilikuwa imeingia, kwa namba ngeni.

Ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Alisema yuko kambini. Alisema simu yake na mfuko wake vilichukuliwa njiani siku waliyokimbia Mweso, na hii ni simu ya mtu, ameiomba. Mtoto wa binti yake anaumwa. "Nyinyi watu wa Kibua tumeuziana miaka mingi, musinisahau. Hata kitu kidogo. Tafazali." Kisha akakohoa, na kikohozi kilikuwa kimeshuka chini zaidi kifuani.

"Tumeita hii numero, haipite," Pétronille alisema. "Pengine mwenye telefone amekwisha kwenda. Njo tumekuja kwako."

Akilimali alimgeukia Fiston. "Lile neno liko?"

"Haliko, Papa. Hii haikutoka kwa mwingine." Fiston akajikuna shingo. "Lakini siku hizi iko mashine yenye inatengeneza sauti ya mutu. Unaipatia sauti yake ya zamani kidogo, inasema yote unataka. Na wale wako na sauti yake mingi. Mimi siwezi kusema iko ya kweli, siwezi kusema ni bongo, ya kudanganya."

Wanawake walimtazama Akilimali mdomoni. Walikuwa tayari. Waliokwisha kuibiwa msimu mzima walikuwa tayari kuchanga tena kidogo walichokuwa nacho, kwa neno lake moja. Akilimali aliomba sauti irudiwe. Akafumba macho.

Aliijua. Aliijua kama anavyoijua sauti ya Bibiche uani. Lakini siku ile nyingine pia aliijua, vile vile, bila tofauti hata ya unywele, na kujua kule kulikuwa kumewatoa watoto shuleni.

"Sijue," alisema.

Pétronille akaipangusa simu kwa pembe ya kitenge, akaiweka kifuani, na wanawake wakatoka mmoja mmoja kwenda shambani. Hakuna aliyeijibu ile sauti, hakuna aliyetuma kitu. Akilimali alibaki amekaa, akijua kabisa kwamba sauti ni ya Mama Uwamwezi, na kwamba kujua kwake hakumfai tena mtu yeyote, hata yule mama.