Kadidja Apima Mshiko wa Matabaka

Katika karakana ya Kadidja, kando ya ufukwe wa Rumonge, hakuna boti inayokabidhiwa kabla kipande chake hakijapasuliwa. Alijifunza ufundi wa kuunda boti za nyuzi za kioo, yaani faiba, katika shule ya ufundi mjini Bujumbura, akarudi na desturi hii, ambayo wateja wengi huiona kuwa ni kuchelewesha kazi bure.

Kila wanapounda boti, yeye na fundi mwenzake Bernardo hutandika kando kibao kidogo cha kitambaa kile kile cha nyuzi na rezini, gundi yake, ya ndoo ile ile, tabaka juu ya tabaka. Kwenye ukingo mmoja Kadidja huingiza kipande cha plastiki kati ya matabaka, ili hapo yasishikane, yaachane kama midomo miwili. Rezini ikikauka, hukata ukanda mwembamba na kugundisha bawaba kwenye kila mdomo. Bawaba ya juu huitundika kwenye boriti. Ya chini huifungia ndoo. Kisha humimina mchanga kidogo kidogo, akitazama jinsi ufa unavyotembea.

Boti ya Protasi, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Kizuka, ilikauka wakati ziwa likiwa bado limefungwa, uvuvi ukiwa marufuku. Alitaka iwe majini siku ya kwanza ya kufunguliwa, na wavuvi alikuwa ameshawaajiri.

"Kadidja, mwanangu, boti iko inang'aa kama sahani ya arusi," alisema. "Unangoja nini?"

"Nangoja mchanga, baba."

"Mimi nabeba ndagala, sibebi mchanga."

Bernardo alicheka. Kadidja alianza kumimina. Ndoo haikufika hata nusu. Ukanda ulifunguka wote, ndoo ikaanguka sakafuni.

Matabaka yaliyoshikana vyema huachana kwa kuraruka, na nyuso zake hubaki na manyoya ya nyuzi zilizokatika. Nyuso hizi zilikuwa laini, na juu ya mmoja palionekana alama ya vidole yenye rangi ya chungwa.

"Kaka Bernardo, siku tulipotandika tabaka la mwisho, ulipaka nini mikononi?"

"Mawese, dada. Rezini inawasha, tena inaganda kwenye ngozi. Ukipaka mawese inatoka kirahisi."

"Na tabaka nalo limetoka kirahisi."

Protasi aliinama ndani ya boti, akaigonga. "Hicho ni kibao tu. Boti iko nzima."

"Mikono ilikuwa ile ile, baba. Mawimbi yakiipiga, maji yataingia kati ya matabaka, na itaachana mukiwa katikati ya ziwa. Nitabandua tabaka la ndani, nisugue kwa msasa, nitandike upya. Siku ya kwanza itakupita."

"Na nikiichukua hivi hivi? Ao niende kwa maseremala? Wao hawanitundikii ndoo."

"Kwa maseremala sikukatazi. Hii haitoki kwangu ikiwa hivi."

Protasi aliondoka bila kuaga.

Walipobandua, sehemu nyingine zilihitaji patasi, lakini upande wa mbele tabaka lilichomoka kwa vidole, vipande vipana vipana. "Huku ndiko nilikoshika sana," alisema Bernardo. Walisugua, wakaosha, wakatandika upya, pamoja na kibao kipya, safari hii wote wawili wakiwa na glavu.

Siku ziwa lilipofunguliwa, boti za wengine zilikuwa zikitoka Protasi alipoingia karakanani. Ukanda mpya ulikuwa umeshatundikwa. Kadidja alimpa kopo la mchanga.

"Mimina mwenyewe, baba."

Alimimina. Ndoo ilijaa, ufa ukasogea kidogo, ukasimama. Bernardo aliongeza jiwe, kisha la pili, ndipo ukanda uliporaruka polepole, kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Nyuso zote mbili zilikuwa na manyoya.

"Hivi ndivyo inatakiwa?"

"Ndivyo."

Protasi alizipapasa, akafuta vumbi la mchanga mikononi, akatoa simu na kuwaita wavuvi wake.

"Njooni muibebe," alisema. "Ndio, naona wametutangulia. Watuachie nafasi tu."