Shikamoo kwa Jambazi wa Darajani

Vumbi la Dodoma likiungulia ndani ya kompyuta lina harufu yake, na hadi leo nikiisikia popote nakumbuka ujinga, wa wenzangu kwanza, wangu baadaye. Ni harufu ya udongo mkavu uliopashwa moto, ikachanganyika na zulia jipya la plastiki na mafuta ya jenereta. Hivyo ndivyo lilivyonuka duka la baba mdogo pale Barabara ya Tisa. Ukoo wetu umeuza vitu katika mji huu tangu enzi za misafara, na baba mdogo mwenyewe aliuza kanga na sufuria mpaka ilipofika miaka ile ya kila kitu kufunguliwa, ya mitumba na redio za watu binafsi na kila mtu kujiita mfanyabiashara. Siku moja aliondoa sufuria, akapanga kompyuta sita, akazitenganisha kwa mbao nyembamba, akamlipa fundi aandike ukutani neno INTANETI kwa rangi nyekundu. Shangazi zake walilia. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kidato cha kwanza, na nilipoisikia ile mashine ikipiga milio yake ya kutafuta mtandao, niliamua kwamba watu wa mji huu hawajui lolote na mimi nitajua.

Kulikuwa na mchezo mmoja tuliocheza na watu wa dunia nzima. Haukuwa na picha, maana mtandao wetu wa siku zile haungeweza kubeba picha hata ya kuku. Ulikuwa maandishi matupu ya Kiingereza: umesimama mbele ya lango la mji, mashariki kuna njia, magharibi kuna kisima. Unaandika neno, unakwenda. Unaandika jingine, unapigana. Kila mtu alijichagulia awe nani, askari au mganga au mwizi, akaanza ngazi ya kwanza, pale langoni, bila hata kisu. Aliyetufundisha sisi wa duka lile ni kijana mmoja wa chuo tuliyemwita Injinia, na mafundisho yake yalikuwa matusi. Ukikosea herufi, anakuuliza kama kwenu mnalala na mbuzi. Nilimwona mtu mwenye akili kuliko wote. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimemzidi mchezo na matusi pia.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja. Mchezo ule ulikuwa na cheo cha Mlezi, na cheo hicho alipewa mchezaji aliyewakuza wageni watano hadi ngazi ya kumi, bila hata mmoja wao kufa. Akifa mmoja, hesabu inarudi sifuri. Ukifaulu, unavikwa joho jeupe na jina lako linaandikwa langoni, na kila mchezaji duniani anayeingia analisoma kabla ya jambo jingine lolote. Nililitaka jina langu pale. Niliwaza wazungu na Wajapani wakilisoma jina la msichana wa Barabara ya Tisa, na usingizi ukanipaa. Kufikia likizo ya Juni nilikuwa nimekwisha kuwakuza wanne, watoto wa majirani, wote mabwege. Nasema nimewakuza, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikiwaambia, “Sogea, nione,” kisha nacheza mwenyewe huku wao wakitazama vidole vyangu.

Wa tano ilibidi awe Rukia. Huyu ni binti wa mjomba wangu wa Kondoa, aliyeletwa kwetu likizo ile kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua kwa tabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama, ila kwa kununa. Rukia alichapa kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayechambua mchele. Hilo ningelivumilia. Kilichonimaliza ni salamu. Kila aliyemkuta njiani ndani ya mchezo, Rukia alisimama akamwamkia. Akishaamkia, anauliza habari za nyumbani. Watu wa nchi za mbali wakamjibu kwa alama za kuuliza, wengine wakamtukana, naye akawaaga vizuri akaendelea. Nilimwambia hapa si Kondoa. Alinijibu kwa upole kwamba hawezi kupishana na mtu njiani akanyamaza, atajisikia mgonjwa. Aliponiuliza atajuaje nani wa kumsalimia, nilimjibu bila hata kumtazama kwamba kila anayemkuta ni mchezaji kama sisi, na asinisumbue. Uongo huo niliusema kwa uvivu tu. Wengi wa waliojaa njia zile walikuwa viumbe wa mashine. Niliona kumweleza ni kupoteza muda, kwani penye hatari vidole vilikuwa vyangu.

Siku niliyodhani ya kumalizia kazi, Rukia alikuwa ngazi ya tisa, amebakiza kidogo sana. Upepo wa kipupwe ulikuwa unapiga mabati tangu asubuhi. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka, kukawa na mgao wa umeme, na saa nane mchana baba mdogo akanikabidhi galoni nikamletee mafuta ya jenereta kabla haijazimika. Nilimwambia Rukia akae pale pale langoni asiguse kitu. Nikaondoka mbio. Niliporudi, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nililisikia duka zima likicheka tangu nje. Injinia alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Rukia akisoma kioo kwa sauti. Jambazi wa darajani, ambaye ni mashine, alikuwa amefika hadi langoni. Rukia alimwandikia: habari za mchana. Jambazi akamchoma kisu. Rukia akadhani amekosa adabu, pengine huyu ni mkubwa, akaandika: shikamoo. Jambazi akamchoma tena. Akarudia shikamoo mara ya pili, herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kile kimoja, na alipoimaliza kioo kilimwandikia kwamba amekufa.

Galoni nililiweka chini, au nililitupa, sikumbuki. Nakumbuka nilichosema. “Wewe ni mshamba na utakufa mshamba! Hata jambazi unamwamkia? Si ungekimbia?”

Rukia alikuwa mweupe midomoni. “Hukunifundisha neno la kukimbia,” alisema. “Na ulisema wote ni watu.”

Injinia alicheka tena, safari hii akinitazama mimi. Rukia alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, akaenda nyumbani kumsaidia mama yangu kuchambua mboga. Wanne wangu wote walifutika pamoja naye. Nililia usiku ule, na sikumlilia Rukia.

Kwa siku tano sikukanyaga dukani. Kisha uchu ukanirudisha, lakini kwa jina langu la zamani nisingeweza, aibu ilikuwa kubwa mno. Asubuhi moja nilitoroka chuo cha Kurani, nikaingia kwa mlango wa nyuma hadi kibanda cha nyuma kabisa, nikajipa jina la kiume la kizungu, nikaanza upya langoni, ngazi ya kwanza, bila kisu. Watu walinipita kama nilivyozoea kuwapita wao. Halafu mmoja akasimama. Kwa Kiingereza cha kidato cha kwanza aliniambia karibu mgeni, akaniuliza nimeshindaje na wa nyumbani hawajambo. Nilichungulia kwenye upenyo wa mbao. Rukia alikuwa amekaa kompyuta ya mbele, kidole kimoja hewani, akisubiri. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila asubuhi, mimi nikiwa chuoni nasoma Kurani, yeye alimpangusia baba mdogo vumbi la mashine naye akamwachia acheze. Sikumjibu salamu yake.  Yeye akaandika: kwanza ujue neno la kukimbia. Akanifundisha hilo, nami nililijua tangu zamani, akaniandikisha mpaka nikalipata. Akanionyesha yupi mtu na yupi mashine. Akanipa mkate na taa yake. Alinifundisha saa nzima mambo niliyoyajua, na kwa mara ya kwanza nikaona yanavyofundishwa. Sikujitambulisha kwake. Likizo ikaisha, akarudi kwao, na duka la baba mdogo halikuchukua muda likarudia sufuria.

Siku hizi michezo ina picha nzuri kuliko macho ya mtu, na mgeni hafundishwi na yeyote. Anawashiwa mshale wa kijani, aende huku, abonyeze hapa, basi. Walio na maarifa wanajirekodi video wakijisifu. Nawadharau, na nina haki, maana nawajua kwa ndani. Mwezi uliopita nilimsikia mwanangu wa miaka kumi na moja, amevaa visikizio, akimfokea mtoto fulani asiyemjua aliyekuwa mgeni kwenye mchezo wake. “Sogea, boya, huelewi chochote!” Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nilimnyang'anya simu. Halafu nikampigia Rukia, ambaye sasa ni mwalimu wa darasa la kwanza huko kwao. Alinisalimia kwa dakika saba: watoto, mvua, mtama, goti la mama. Safari hii niliitikia zote. Kisha nikamuuliza kama alipata kujua yule mzungu wa kibanda cha nyuma alikuwa nani.

“Nilijua siku ile ile, Zai,” alisema. “Wengine wote waliitikia. Hata aliyenitukana, kwangu aliitikia. Aliyenyamaza ulikuwa wewe peke yako, kama ulivyonyamazia salamu zangu nyumbani.”

Nikamuuliza kwa nini basi alinifundisha.

“Si ulikuwa mgeni?” alisema.