Iko Inakufa

Mama mwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo, huongea na mafundi huku kiganja chake kiko juu ya boneti, kama anayepima homa ya mtoto, na sauti yake haipandi. Duka lililomuuzia gari limemwita abadilishiwe breki bure, kwa kosa la kiwanda, lakini kila nati inayofunguliwa huzaa kitu kingine cha kununua. Yeye anataka kuondoka tu: vita vinakaribia Luvungi, na mama yake mzazi yuko kule.

"Mama, pampu ya maji iko inakufa," fundi anasema.

"Iko inakufa ama ilishakufa?"

"Iko inakufa."

"Na mkanda wa injini?"

"Nao vilevile."

"Weye funga breki, fundi. Hivyo vikifia njiani tukirudi, mama yangu atakuwa ameshapanda gari."