Mshale Uliokwama Ruiru

Jumanne nilikuwa Thika, kwenye ofisi ya wauza vifaranga, nikimtazama fundi wa kompyuta akitoa jasho. Lori lao limezuiliwa Ruiru, vifaranga vinachomwa na jua, na mlinzi hafungui geti bila barua iliyo kwenye kompyuta ya ofisi ya huko. Fundi ameingia ndani yake kwa laini ya simu, anasukuma mshale wa skrini ili aiprinti. Mshale unatambaa, halafu unarudi nyuma.

"Ni kufuli ya siri," akasema. "Kila kitu kinafungwa kabla hakijasafiri, ndiyo maana iko slo."

Kupiga simu haiwezekani, laini ameishika yeye. Mimi, niliyeacha shule darasa la saba lakini nina miguu ya chuma ya kukanyaga pedali, nikapanda baiskeli. Ruiru nikampata mama wa ofisi ameshika mausi kwa mikono miwili.

"Kijana, hii kitu inatoroka. Tangu asubuhi naivuta, inaenda tena."

"Iachilie, mathe."

Mshale ukajiendea, barua ikatoka, vifaranga vikaondoka vikilia.

Kurudi Thika, fundi anapewa chai. "Nilirekebisha kufuli," anawaambia.

Nyinyi wenye vyeti, kompyuta ikichelewa, ulizeni kwanza nani anaivuta upande ule mwingine.