Salamu Ukurasa wa Mwisho

Padri aliyetuazima mashine ya kuchapia gazeti dogo la chama chetu mjini Kamina alinipa neno moja tu: toleo lijalo likibaki tena mezani parokiani, mashine itarudi kwenye kazi ya katekisimu. Nilikasirika. Mchana nilikuwa karani wa stesheni, lakini kazi niliyoipenda ilikuwa gazeti lile.

Nikachukua nakala moja iliyolala, nikaisoma kama mgeni. Aibu ikanishika. Kwetu mtu hafiki kwa watu akaanza na habari. Husalimu kwanza, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Nasi tuliandika vivyo hivyo. Mwenyekiti wa chama chetu, mzee wa kofia na fimbo, alimsalimu Bwana Mkubwa wa serikali, akasalimu mapadri, machifu, na wake za machifu, hadi ukurasa wa pili ukajaa. Habari zilianzia wa tatu. Nani angefika huko?

Liwalo na liwe, nikasema. Nilikwenda kwenye bomba la maji, pale wanawake wanapopanga ndoo tangu jogoo la kwanza, nikayaandika maneno ya mama mmoja juu ya bomba kuharibiwa kila mara, jinsi alivyoyatoa, na hasira zake zote. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza nikachora herufi kubwa kwa msumari kwenye karatasi ya nta inayowekwa mashineni: NANI ANAHARIBU BOMBA LETU? Chini yake nikachora ndoo tupu. Safu nikazifanya nyembamba, nikaacha nafasi nyeupe ili jicho lipumue. Salamu nikazipunguza zikawa mistari sita, nikazipeleka ukurasa wa mwisho.

Mwenyekiti alipoiona nakala ya kwanza aligonga fimbo chini.

“Weye! Miye njo mukubwa wa hii chama, unaniweka nyuma?”

“Baba, mbele kule hakuna muntu alikusoma.”

“Salamu iko mbele! Hata mutoto anajua!”

“Baba, ikibakia tena, mashine inaenda. Uniache hii mara moja.”

Aligeuka akaenda zake, amenuna. Niliogopa, nisidanganye, lakini sikubadilisha hata mstari.

Jumapili, baada ya misa ya pili, meza ilikuwa tupu. Mwenyekiti hakuamini; akanifuata hadi bombani akiwa bado amenuna. Mwanamke mmoja kijana aliyejua kusoma alikuwa amesimama juu ya jiwe, akiwasomea wenzake. Waliposikia maneno ya yule mama walicheka, wakapiga makofi, wakabishana, wakamwambia aendelee. Akaendelea, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika mwisho: “Mwenyekiti anawasalimu ninyi nyote.”

“Eyo vidye!” wakaitikia wote kwa pamoja, kama mkubwa anavyoitikiwa kwa Kiluba.

Mzee akavua kofia. Miaka miwili tulimweka mbele, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu.